Kutundika Picha Ukutani: Je, Ni Pambo Tu?



Katika mambo ambayo watu huyahesabu kuwa madogo, wala si madogo, ni jambo la mtu kupamba kuta za nyumba yake. Wengi wetu hudhani kuwa ukuta hauna ulimi, na kwamba mwenye nyumba akinunua picha, akapigilia msumari na kuitundika, kazi imekwisha. Akija mgeni akauliza, "Hii ni picha ya nini?" jawabu huwa jepesi: "Ah, pambo tu." Ni neno hili, "pambo tu," tunalotaka kulitia katika mizani leo, tujue kama lina uzito au ni povu la bahari.

Na ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tutashika mfano mmoja ulioenea duniani kote. Nao ni zile picha za kale za Kijapani ziitwazo ukiyo-e, ambazo siku hizi huchapwa kwa mashine kwa wingi na kuuzwa kuwa mabango ya kupambia nyumba. Yamkini msomaji hajapata kulisikia jina hilo, lakini moja katika picha hizo hapana shaka amekwisha kuiona: wimbi kubwa la buluu lililosimama, povu lake mfano wa makucha, na mbali nyuma yake mlima mdogo wenye theluji. Wimbi hilo limo katika vyumba vya wanafunzi, katika mikahawa na katika ofisi. Limo katika vikombe na mashati. Na tangu mwezi wa Julai 2024 limo mgongoni mwa noti ya yeni 1,000 ya Japani. Pengine hapana picha iliyonakiliwa kuliko hiyo, na pengine hapana itazamwayo kwa haraka kuliko hiyo.

Kwanza yatupasa kujua picha hizi ni kitu gani. Asili yake ni mji wa Edo, ambao tangu mwaka 1868 umeitwa Tokyo. Neno ukiyo maana yake ni ulimwengu uneleao, na e ni picha. Lakini neno hilo hilo, kwa matamshi yale yale, hapo zamani liliandikwa kwa herufi nyingine, na maana yake ilikuwa ulimwengu wa huzuni. Kwani mafundisho ya Kibudha yalishika kwamba dunia ni mahali pa taabu na kila kilichomo chapita. Katika karne ya 17 watu wa mjini waliibadili herufi, wakaufanya ulimwengu wa huzuni kuwa ulimwengu wa kuelea. Wakasema: maadamu dunia hii haidumu, basi na tustarehe ingali nasi. Tazama jinsi watu wawili wanavyoweza kuanza na ukweli mmoja, kwamba dunia ni mapito, kisha mmoja akatoka na hofu na mwengine akatoka na ngoma. Mjadala huo si wa Edo peke yake. Wazee wetu wameujua, na vijana wetu waujua.

Picha hizo zilikuwa kazi ya watu wanne. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mti wa mcheri wa mlimani, akachonga kwa kuifuata mistari, na kwa kuchonga huko mchoro wenyewe ukapotea. Mchapaji akapaka rangi, akaweka karatasi iliyotengenezwa kwa maganda ya mforsadi, akaisugua kwa mkono. Na kila rangi ilitaka kuchongewa mahali pake katika ubao. Wa nne ni mwenye duka, aliyetoa mtaji na kuuza. Picha za rangi nyingi kwa namna hii zilianza kusitawi mwaka 1765, na mchoraji wake mashuhuri wa mwanzo ni Suzuki Harunobu. Na bei ya karatasi moja haikupita sana bei ya bakuli la tambi barabarani.

Baada ya kujua hayo, twaweza kuzipima hoja za watu. Wako wanaosema kwamba kosa la mabango haya ni kuwa ni nakala, na kwamba nakala ni kitu duni, mfano wa maiti wa kitu chenyewe. Hoja hii haisimami. Asili iko wapi hata tuseme hii ni nakala? Mchoro wa mkono uliangamia chini ya patasi. Kilichobaki tangu siku ya kwanza ni karatasi za kuchapwa, moja mfano wa nyingine, kwa mamia na kwa maelfu, zilizokusudiwa fundi na mchuuzi na mpita njia. Ni kweli kwamba mwaka 2023 karatasi moja ya kale ya lile wimbi iliuzwa mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 2.7, lakini bei hiyo ni bei ya uchache, si bei ya maana. Mtu anunuaye bango kwa fedha kidogo akalitundika nyumbani kwake hakwenda mbali na mnunuzi wa kwanza wa Edo.

Wako pia wasemao: hizi ni picha za wageni, zina nini nasi? Hawa twawaomba waende wakatazame majumba ya kale ya Lamu na Pate. Ndani yake watakuta vidaka vilivyochongwa ukutani safu juu ya safu, na katika vidaka hivyo wenyewe walipanga sahani na mabakuli yaliyotoka Uchina. Wakatazame na kaburi la mnara lililoko Mambrui, lililopachikwa mabakuli ya Kichina. Watu wa pwani hawakuona haya kupambia nyumba zao, hata makaburi yao, kwa kazi ya mikono ya Mashariki ya mbali. Kitu hakiwi kibaya kwa kuvuka bahari; lau ingekuwa hivyo, tungevua nguo zetu.

Basi hoja hizo mbili zimeanguka, na imebaki ya tatu, nayo ndiyo iliyo nzito: ile ya mwenye nyumba mwenyewe, ya kwamba ni pambo tu na halisemi neno.

Sisi twaona kwamba kutundika ni kusema. Na dalili ya hayo tunayo karibu. Katika hadithi sahihi ya Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, imekuja kwamba alikuwa na pazia lenye picha, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alilichukia lilipokuwa limetundikwa. Kisha kitambaa hicho kilipokatwa kikafanywa mito, mito hiyo iliegemewa. Kitambaa ni kile kile. Kilichobadilika ni mahali. Wanavyuoni wakajengea hapo tofauti baina ya picha iliyoinuliwa kwa heshima na ile iliyowekwa chini ikakaliwa au kukanyagwa. Katika tofauti hiyo iko hekima inayowafaa hata wasiotafuta fatwa: mahali panapowekwa kitu ni sehemu ya maana yake. Kukitoa kitu sokoni ukakiinua ukutani, mbele ya macho ya mgeni na ya mtoto, ni kukishuhudilia kwamba chastahili kutazamwa. Na shahidi hushuhudia alijualo. Atoaye ushahidi kwa jambo asilolijua, hata likitokea kuwa kweli, amekosa adabu ya ushahidi.

Jambo hili wanawake wetu walijua zamani kuliko sisi wanaume. Ni mwanamke gani wa mjini anayejitanda leso asiyokwisha kuyasoma maandishi yake? Rangi ikimpendeza namna gani, kwanza hutazama jina. Kwa kuwa ajua akipita nayo mlangoni kwa jirani atakuwa amesema maneno yale, akitaka asitake. Na katikati ya karne ya 20 leso nyingi zilizovaliwa pwani hii zilichapwa huko huko Japani, na watu wasiojua Kiswahili. Lakini aliyezivaa alijua zinasema nini. Basi bango ni leso ya ukuta. Tena picha hizo za Edo nazo zina maandishi: jina la picha limo ndani ya kisanduku pembeni, saini ya mchoraji, na mara nyingi muhuri wa mwenye duka na wa mkaguzi wa serikali. Tofauti ni kuwa mnunuzi wa leo hawezi kuyasoma, wala hajali kuuliza.

Sasa na tulirejee lile wimbi. Mchoraji wake ni Katsushika Hokusai, aliyezaliwa mwaka 1760 na kufa mwaka 1849, naye alilitoa mnamo 1831, hali amekwisha kufikia umri wa miaka 70. Ni moja katika fungu liitwalo Sura Thelathini na Sita za Mlima Fuji, ambalo kwa kupendwa kwake liliongezwa picha kumi zikawa 46. Buluu yake ni rangi iliyovumbuliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ikaingia Japani kwa bandari ya Nagasaki kwa mikono ya wafanyabiashara wa Kiholanzi na wa Kichina. Hata hiyo "picha ya Kijapani halisi," basi, ina bahari nyingi ndani yake.

Mtu wa bara akilitazama wimbi huona rangi nzuri. Lakini mwana wa pwani, aliyekulia Lamu au Vanga, akilitazama sawasawa hataona rangi kwanza. Ataona mashua. Ziko tatu, ndefu na nyembamba, za namna iliyotumika kukimbiza samaki wabichi kwenda soko la Edo; na ndani yake wako wapiga makasia waliojiinamia, wameshikilia, na juu ya vichwa vyao wimbi limekwisha kufunguka. Hao ni watu waliotoka asubuhi kutafuta riziki, na mchoraji hakutuambia kama walirudi. Mlima uliosimama nyuma, ambao Wajapani wauona mtakatifu, umekuwa mdogo kuliko povu. Hiyo si picha ya ufuko wa kustarehe. Ni picha ya saa ambayo wake za wavuvi waijua.

Na yako mashati na mabango ambayo wafanya biashara wamelibakisha wimbi peke yake, mashua wakazikata. Watu wale wamezamishwa kwa mkasi, kwa kuwa wanaharibu pambo. Hapa ndipo twaona "pambo tu" inafanya kazi gani: huondoa mwanadamu katika jambo, ikabakisha rangi. Asiyejua kwamba mashua zilikuwapo hawezi kujua kwamba zimeondolewa.

Lakini wimbi ni jambo jepesi ukilinganisha na fungu la pili, nalo ni zile picha za wanawake wazuri. Mashuhuri katika wachoraji wake ni Kitagawa Utamaro, aliyekufa mwaka 1806. Alichora nyuso za wanawake kwa mistari ya upole, nywele zimesukwa na kuchomekwa vichanio, nguo za hariri tabaka juu ya tabaka. Na leo nyuso hizo zapamba vyumba vya kulala na maduka ya urembo katika miji mingi. Ukiuliza ni nani hao, utaambiwa: ni wanawake wa Kijapani wa zamani.

Sivyo. Wengi wao walikuwa watu wa Yoshiwara. Yoshiwara ulikuwa mtaa wa Edo uliopewa ruhusa na serikali mwaka 1617 kuwa mahali pa biashara ya wanawake. Na baada ya moto mkubwa wa mwaka 1657 ulihamishiwa upande wa Asakusa, ukazungushiwa handaki la maji na lango moja, ili asitoke mtu. Wasichana waliingizwa humo wakiwa watoto, wameuzwa na jamaa zao maskini kwa mkataba wa deni. Na deni lile lilikua kwa bei ya nguo zile zile za hariri tunazozisifu katika picha. Wengi walikufa vijana. Waliokosa mtu wa kuwazika, maiti zao ziliachwa katika hekalu la Jokan-ji, ambalo watu walilipa jina la hekalu la kutupia. Serikali ya Japani ilitoa amri ya kuwafungua mwaka 1872, lakini biashara yenyewe iliendelea kwa sura nyingine hata sheria iliyopitishwa mwaka 1956 ikaiondolea ruhusa.

Na picha zilikuwa na kazi gani katika hayo? Nyingi ziliandikwa jina la mwanamke na jina la nyumba aliyowekwa. Zilikuwa matangazo. Zilimwambia mpita njia: fulani yuko nyumba fulani, njoo. Basi mtu aitundikaye leo akasema "pambo tu," ametundika tangazo la soko la watu, bidhaa imekwisha kufa na tangazo lingali likisifu.

Atasema msemaji: mwanamke yule amekufa zaidi ya miaka mia mbili, adhurika nini? Jawabu letu ni kwamba heshima ya mtu haimalizwi na kufa kwake; kwa hiyo hatukalii makaburi. Lakini zaidi ya hayo, anayedhurika ni aliye hai. Mtoto anayekua chini ya sura hiyo, wala haambiwi habari yake, hujifunza pasipo mwalimu kwamba uso wa mwanadamu waweza kuchunwa katika maisha yake ukawa rangi ya kulinganishwa na pazia. Somo hilo hatalisahau atakapokuwa mtu mzima mwenye amri juu ya watu.

Na atasema mwengine, na hoja yake ni ya haki: mkienda hivyo hamtabakisha kitu. Ni pambo gani lisilo na jasho la mdhulumiwa? Tusiwanyoshee kidole watu wa Edo. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na mashamba ya nafaka ya Malindi, yalilimwa na watumwa. Hata kuta zenyewe za matumbawe katika miji yetu ya kale, ambazo twabishana nini kitundikwe juu yake, wangapi katika waliobeba mawe yake walikuwa huru?

Hoja hii hatuikimbii. Twasema: ni kweli, na wajibu wa kujua hauishii Japani; waanza mlangoni kwetu. Lakini iko tofauti baina ya kitu kilichotengenezwa na mkono uliodhulumiwa, na kitu ambacho maana yake yenyewe ni kuisifu dhuluma. Ukuta uliojengwa na mtumwa hausemi kwamba utumwa ni mzuri. Wasema kwamba kulikuwa na mjenzi hodari, na yapasa atajwe. Ama tangazo la Yoshiwara, neno lake ni moja tu. La kwanza twaweza kulikaa kwa kulijua na kulisimulia. La pili mahali pake ni makumbusho, ambako huwekwa pamoja na maelezo yake, akaja mtu akasoma na kuzingatia. Makumbusho huhifadhi, ukuta wa nyumba hutukuza.

Wala asidhani msomaji kwamba kujua kazi yake ni kukataza tu. Kujua hufungua pia. Utamaro yule yule alichora wanawake wakifuga viwavi wa hariri, wakifanya kazi ambayo bila ya hiyo nguo zile zisingekuwapo. Utagawa Hiroshige, aliyezaliwa mwaka 1797 na kufa mwaka 1858, alichora vituo 53 vya njia ya Tokaido, akawaonyesha wachukuzi na wasafiri wakikimbia mvua, na hapana aliyeuzwa katika mvua ile. Vincent van Gogh alipokuwa Antwerp mwishoni mwa mwaka 1885 alizibandika karatasi za Kijapani katika kuta za chumba chake, akiwa maskini. Na mwaka 1887 akakaa akazinakili mbili za Hiroshige kwa rangi ya mafuta, bustani ya miti na daraja chini ya mvua, mstari kwa mstari. Huyo naye alipamba kwa karatasi za bei rahisi, lakini alizitazama hata akajifunza kuona.

Ama sisi Waislamu, kwa afuataye kauli ya wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu, kutundika sura za wenye roho limekwisha kuamuliwa, na maelezo yake yana darasa yake. Milima, miti na bahari vina nafasi, kama Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alivyomwelekeza mchoraji aliyemjia kuuliza. Lakini asijidanganye mtu kwamba kwa kuchagua mlima amekwisha kulipa deni lote. Aliyetundika mlima asioujua, au hata maandishi matukufu asiyoyasoma, naye pia amesema "pambo tu," na huyu wa pili hali yake ni nzito zaidi.

Basi nasaha yetu ni nyepesi kutenda. Kabla ya kununua, uliza mambo matatu: nani aliyekifanya, kinaonyesha nini, na kilifanywa kwa kazi gani. Muuzaji asipojua, tafuta. Siku hizi hapana udhuru. Ukijua ukaridhika, tundika, na nyuma ya fremu andika uliyoyajua, ili mtoto wako akirithi picha arithi na habari yake. Ukijua usiridhike, acha, hata kama rangi yake yalingana sana na viti. Na picha moja ijulikanayo ni bora kuliko kumi zilizojaza ukuta.

Kisha siku moja, kabla ya kuanza na picha, kaeni watu wa nyumbani muanze na ukuta wenyewe. Waulizeni wazee ni nani aliyeujenga.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.